Watu Wote Wako Kule: Maswali Yenu Kuhusu Mitandao Mipya ya Kijamii

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu jambo moja: ugumu wa mtandao mpya wa kijamii kupata nafasi mbele ya ile iliyokwisha kuota mizizi. Tumechagua tano na kuzifupisha, na majina ya waliotuandikia tumeyahifadhi.

SWALI, kutoka Morogoro: Ndugu Mhariri, sisi ni vijana watatu tuliohitimu chuo, na tumetengeneza mtandao wa kijamii wa Kiswahili. Hauna matangazo, unakula bando kidogo, na unafanya kazi hata kwenye simu ya bei nafuu. Watu wanaupakua na kuusifu, lakini baada ya wiki moja hawaonekani tena. Tumekosea wapi?

JIBU: Ndugu zangu, katika maelezo yenu sioni kosa la kiufundi, na ingekuwa nafuu kama lingekuwapo, kwa sababu kosa la kiufundi hurekebishika. Anachokifuata mtu kwenye mtandao wa kijamii ni watu wengine waliomo. Akifungua programu yenu, hata iwe safi na nyepesi kiasi gani, asimkute dada yake, wala mwenzake wa kazini, wala fundi anayemtafuta, atarudi alikotoka hata kama huko kumejaa matangazo, na hatakuwa amefanya uamuzi wa kijinga.

Ipo kanuni iliyopewa jina la Robert Metcalfe, mhandisi wa Marekani aliyeshiriki kuvumbua njia ya kuunganisha kompyuta iitwayo Ethernet, inayolieleza jambo hili kwa hesabu. Watu 10 waliounganishwa wanaweza kuunda jozi 45 za watu wanaowasiliana. Wakifika 100, jozi zinakuwa 4,950. Wakifika 1,000, zinakuwa 499,500. Yaani watumiaji wameongezeka mara mia moja, lakini jozi zimeongezeka zaidi ya mara elfu kumi. Kanuni hiyo inatia chumvi, maana hakuna mtu anayezungumza na kila mtu, ila mwelekeo wake ni sahihi: mtandao mkubwa unampita mdogo kwa tofauti kubwa zaidi kuliko ile inayoonekana kwenye idadi ya watumiaji.

Msidhani kwamba fedha peke yake ingewaokoa. Google ilizindua Google+ mwaka 2011 ikiwa na wahandisi hodari, fedha tele, na mamilioni ya watu waliokuwa tayari wanatumia Gmail na YouTube, ambao iliwasukuma kwa kila njia waingie. Akaunti zikafunguka kwa wingi. Hata hivyo, kampuni hiyo ilipotangaza Oktoba 2018 kwamba inaufunga mtandao huo kwa watumiaji wa kawaida, ilikiri yenyewe kuwa asilimia 90 ya mara ambazo watu waliingia hazikufika sekunde tano. Mtu alifungua, akachungulia, akatoka. Mlango ulifungwa rasmi Aprili 2019.

Kwa hiyo acheni kuhesabu waliopakua. Hesabu inayofaa ni hii: kati ya watu ambao mtumiaji wenu anahitaji kuzungumza nao kila siku, ni wangapi wamo ndani? Facebook ilianza Februari 2004 katika chuo kimoja tu, Harvard, ikasambaa chuo baada ya chuo, na haikufunguliwa kwa kila mwenye umri wa kuanzia miaka 13 mpaka Septemba 2006. Pale Harvard ilikuwa ndogo sana kwa kipimo cha dunia, lakini mwanafunzi aliyeingia aliwakuta karibu wote aliowajua. Ninyi, nikisoma tangazo lenu, mmejitambulisha kuwa mtandao wa Watanzania wote, na matokeo yake mna watu wachache Mbeya, wachache Tanga na wachache Kigoma, wasiojuana na wasio na la kuambiana.

Chagueni kundi moja ambalo tayari lina maisha yake: waliosoma shule moja, wanachama wa SACCOS moja, wafanyabiashara wa mazao wa soko moja. Kisha mkae nao muone ni kitu gani WhatsApp inawasumbua. Mfano mmoja kila mmoja wetu anaujua. Kamati ya harusi inapokusanya michango kwenye kundi la WhatsApp, orodha ya waliochangia hunakiliwa na kubandikwa upya kila jina jipya linapoongezwa, mtu mmoja akinakili orodha ya zamani majina manne yanapotea, na mweka hazina anamaliza usiku akiomba radhi. Kampuni kubwa ya California haina sababu ya kuhangaika na tatizo hilo, lakini ninyi mnayo. Kundi kama hilo litaingia lote kwa pamoja, kwa sababu mwenyekiti ndiye atakayeamua, na hapo mtakuwa mmeupita ule ugumu wa mtu kuingia peke yake.

Ipo pia njia ya kumpa mtu faida hata akiwa peke yake. Instagram ilipotoka Oktoba 2010 ilikuwa inapendezesha picha za simu, ambazo mtu aliweza kuzituma moja kwa moja Facebook na Twitter. Asiye na rafiki hata mmoja ndani yake alinufaika siku ileile. TikTok nayo haimuulizi mgeni rafiki zake ni nani, bali inampa video za watu asiowajua na kujifunza kutokana na zile anazozitazama mpaka mwisho. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya TikTok kupenya mahali ambapo wengine walikwama. Lakini msisahau kwamba mmiliki wake, ByteDance, aliununua mtandao wa Musical.ly uliokuwa na watumiaji wake mwaka 2017, akauunganisha na TikTok Agosti 2018, na akamwaga fedha nyingi mno kwenye matangazo, mengine yakiwekwa kwenye mitandao ya wapinzani wake. Njia hiyo sidhani kama mifuko yenu inaiweza, na ndiyo maana nawarudisha kwenye kamati ya harusi.

SWALI, kutoka Mbarara, Uganda: Mhariri, Facebook ilifungwa nchini kwetu Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi. Nilitarajia kwamba mtandao wa Uganda, au angalau wa Afrika Mashariki, ungejaza pengo hilo. Mbona haikuwa hivyo?

JIBU: Kwa sababu pengo lenyewe lilikuwa dogo kuliko lilivyoonekana kwa mbali. Wiki chache baada ya uchaguzi, WhatsApp, Twitter na TikTok zilifunguliwa tena, na waliotaka Facebook yenyewe waliifuata kwa VPN, yaani programu inayopitisha mawasiliano ya mtu nchi nyingine ili kukwepa kizuizi. Waganda walikuwa wamekwisha kujifunza matumizi ya VPN tangu Julai 2018, serikali ilipoanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, kodi ambayo baadaye iliondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na kodi ya vifurushi vya data. Mfanyabiashara wa Mbarara mwenye wateja wake Facebook, na ndugu zake walioko nje ya nchi ambako Facebook haikufungwa, aliona ni rahisi zaidi kuwasha VPN kuliko kuwashawishi watu hao wote wamfuate kwenye mtandao ambao hawajawahi kuusikia.

Kwa upande mwingine, upo mfano wa Brazil. Mahakama ya juu ya nchi hiyo iliufunga mtandao wa X, zamani Twitter, kuanzia mwisho wa Agosti 2024 hadi tarehe 8 Oktoba, na katika wiki hizo mamilioni ya watu waliingia Bluesky. Tofauti ni kwamba Bluesky ilifanana mno na X, ilikuwa tayari na imefunguliwa kwa kila mtu tangu Februari mwaka huo, na waandishi wa habari, mashabiki wa mpira na wachekeshaji waliokuwa wakizungumza pamoja walihama kwa wakati mmoja. Hata hivyo, X ilipofunguliwa, wengi walirudi.

Mtandao wa Koo wa India unatoa funzo gumu zaidi. Ulianza mwaka 2020, ukapata umaarufu mwaka uliofuata serikali ya India ilipogombana na Twitter, na Nigeria ilipoisimamisha Twitter kuanzia Juni 2021 hadi Januari 2022, serikali ya nchi hiyo ilifungua akaunti yake Koo. Mwanzo mzuri zaidi ya huo sijui mtu angeuomba wapi. Lakini ugomvi wa serikali na kampuni humalizika, na mtu aliyeingia kwa sababu ya ugomvi huo hubaki tu kama amepata sababu nyingine. Koo ilifungwa Julai 2024, baada ya kutafuta mshirika wa kuinunua na kumkosa.

SWALI, kutoka Mombasa: Kila mtandao mdogo ukibuni kitu kizuri, mkubwa unakiiga. Je, hakuna sheria inayokataza?

JIBU: Sheria hulinda programu kama ilivyoandikwa, jina na alama, lakini wazo la jumla, kama picha zinazotoweka baada ya saa 24, ni vigumu sana kulilinda. Snapchat ndiyo iliyoleta Stories mwaka 2013, na Agosti 2016 Instagram ilianzisha kitu kilekile kwa jina lilelile. Mkuu wake wa wakati huo, Kevin Systrom, hakuficha kwamba sifa ilikuwa ya Snapchat. Leo mama aliyeweka picha ya maandazi kwenye stetasi ya WhatsApp anatumia ubunifu wa kampuni ambayo huenda hajawahi kuisikia.

Clubhouse nayo iliumia kwa kosa lake yenyewe pia. Mwaka 2020 ilipendwa sana kwa vyumba vyake vya mazungumzo ya sauti, lakini iliingiwa kwa mwaliko tu mpaka Julai 2021, na kwa wenye iPhone tu mpaka Mei mwaka huo. Katika sehemu yetu ya dunia, ambako simu nyingi ni za Android, hiyo ilikuwa sawa na kuwaambia watu wasubiri nje. Na wakiwa nje, Twitter tayari ilikuwa imeanza kuwaletea Spaces, vyumba vya sauti kama vilevile.

Kuiga, hata hivyo, ndiyo silaha nyepesi kuliko zote. Ya pili ni kununua: Facebook ilitangaza mwaka 2012 kuinunua Instagram, iliyokuwa na wafanyakazi 13, kwa dola bilioni 1, na mwaka 2014 kuinunua WhatsApp kwa dola bilioni 19. Ya tatu ni kufunga mlango. Januari 2013, siku ambayo Twitter ilizindua Vine, mtandao wa video za sekunde sita, Facebook iliwazuia watumiaji wa Vine kutafuta rafiki zao kupitia orodha zao za Facebook, na barua pepe zilizotolewa hadharani na Bunge la Uingereza Desemba 2018 zilionyesha kuwa Mark Zuckerberg mwenyewe aliidhinisha. Kwa mtandao mchanga, kunyimwa orodha ya marafiki ni pigo zito zaidi kuliko kuigwa, kwa sababu humrudisha kila mgeni kwenye ule upweke wa siku ya kwanza. Siwezi kusema kwamba hilo ndilo lililoiua Vine, maana Twitter nayo iliilea vibaya mpaka ikatangaza mwaka 2016 kwamba inaifunga.

Sheria ya ushindani ilijaribiwa Marekani. Desemba 2020 Tume ya Biashara ya Shirikisho iliishtaki Facebook kwa kuhodhi soko kwa njia ya manunuzi hayo. Novemba 2025 Jaji James Boasberg aliamua kwamba Tume haikuthibitisha kuwa kampuni hiyo, ambayo sasa inaitwa Meta, inahodhi soko kwa wakati huu, kwa kuwa TikTok na YouTube zinashindana nayo. Hoja hiyo ina mantiki, lakini kwangu mimi haitoshelezi. TikTok inathibitisha kwamba ukuta unarukika kwa mwenye mabilioni ya dola. Haithibitishi kwamba vijana watatu wa Mombasa au wa mji mwingine wowote wanaweza kuuruka.

SWALI, kutoka Mwanza: Mimi naamini Kiswahili peke yake kinatosha kuwa silaha ya mtandao wetu wenyewe. Unakubali?

JIBU: Nakubali kwa sehemu ndogo. Facebook ilianza kutoa maelezo yake kwa Kiswahili tangu mwaka 2009, na mahali popote ambapo watu wanaandika, tayari wanaandika Kiswahili. Kutafsiri vitufe si faida tena.

Faida inapatikana katika mazungumzo ambayo hayapati nafasi kwingine. JamiiForums ya Tanzania, iliyoanza mwaka 2006, imeishi miaka mingi kando ya mitandao ya Marekani kwa sababu ilimpa mtu nafasi ya kujadili siasa na ufisadi kwa Kiswahili kirefu na kwa jina la bandia. Gharama yake haikuwa ya fedha tu. Desemba 2016 mwanzilishi mwenza wake, Maxence Melo, alikamatwa na kushtakiwa, na miongoni mwa mashtaka lilikuwamo la kuzuia uchunguzi wa polisi kwa kutotoa taarifa za wachangiaji. Mwaka 2018 zilipotoka kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizodai leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), jukwaa hilo lilisimama kwa muda. Kampuni ya ng'ambo inaweza kufungiwa, ila mwenyewe haitwi kituoni kesho asubuhi. Mmiliki wa hapa nyumbani anaitwa.

Gharama nyingine ni za kimyakimya. Matusi, utapeli na picha chafu zitakuja mara tu watu watakapokuwa wengi, na wa kuviondoa ni binadamu wanaojua Kiswahili cha Mwanza, cha Mombasa na cha Lubumbashi, wanaotakiwa kulipwa na kutunzwa. Kesi aliyoifungua Daniel Motaung, aliyewahi kufanya kazi hiyo kwa ajili ya Facebook, jijini Nairobi mwaka 2022 dhidi ya Meta na kampuni ya Sama iliyomwajiri, akilalamikia mazingira ya kazi hiyo na madhara yake kwa afya ya akili, inaonyesha kwamba hata kwa wenye fedha mzigo huo si mwepesi.

Kuna na bando. Mwaka 2014 Tigo, ambayo siku hizi inaitwa Yas, iliwapa wateja wake wa Tanzania Facebook bila kukatwa data, na tangu hapo kampuni za simu zimezoea kuuza vifurushi vya mitandao ya kijamii vinavyoitaja mitandao mikubwa kwa majina. Mtandao mpya haumo kwenye orodha hiyo, kwa hiyo kila dakika unayoutumia inakatwa kwenye kifurushi cha kawaida. Mwenye mtandao mchanga afadhali aanze kubisha hodi kwa kampuni ya simu kabla hajatafuta msanii wa kumtangaza.

SWALI, kutoka Muscat, Oman: Mwanangu Mhariri, nataka kuondoka WhatsApp kwa sababu siridhiki na namna taarifa zetu zinavyochukuliwa. Lakini ukoo mzima umo humo, wa Unguja, wa Dubai na wa Uingereza. Nifanyeje?

JIBU: Shikamoo mama. Hauko peke yako. Januari 2021 WhatsApp ilipotangaza masharti mapya ya faragha, watu wengi sana duniani walipakua Signal na Telegram, na kelele zikawa kubwa hata tarehe ya masharti hayo ikasogezwa kutoka 8 Februari hadi 15 Mei. Lakini wengi hawakuifuta WhatsApp. Kila mmoja alimsubiri mwenzake atangulie, na mitandao mikubwa inanufaika na subira hiyo kuliko na uzuri wowote wa programu zao.

Dawa ya kudumu ni kulazimisha mitandao izungumze yenyewe kwa yenyewe, na sisi tuliwahi kuiona ikifanya kazi. Tanzania, kabla ya mwaka 2014, kutuma fedha kutoka simu ya kampuni moja kwenda ya kampuni nyingine kulikuwa na usumbufu, mpaka Tigo, Airtel na Zantel zilipokubaliana kuunganisha huduma zao, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Machi 2017 ikaanza huduma ya kuhama mtandao wa simu bila kubadili namba, ambayo Kenya ilikuwa nayo tangu 2011. Mtu aliweza kuhama bila kupoteza waliomjua.

Mitandao ya kijamii bado iko nyuma ya hapo. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya masoko ya kidijitali, umeitaka WhatsApp tangu Machi 2024 ikubali kuunganishwa na huduma nyingine za ujumbe zitakazoomba, lakini wajibu huo unaishia Ulaya. Mastodon, ulioanzishwa na Eugen Rochko wa Ujerumani mwaka 2016, umejengwa kwa seva nyingi zinazojitegemea na kuwasiliana, na mtu akihama kutoka moja kwenda nyingine wafuasi wake wanamfuata, ingawa maandiko yake ya zamani hubaki nyuma. Kenya, katika Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inampa mtu haki ya kuchukua taarifa zake na kuzipeleka kwingine. Shida ni kwamba taarifa za wajomba na shangazi si zako wewe kuzihamisha, ni zao.

Kwa hiyo, mama, usianze na ukoo mzima. Anza na wale wanne au watano unaozungumza nao kila siku, mpange siku moja ya kuhama pamoja, na mkishahama msijibizane tena kule kwa mazungumzo yenu ya kawaida, maana jibu moja tu la haraka litawarudisha wote. Mwombe mjukuu mmoja wa Unguja awasaidie wasiojua kupakua. Lile kundi la ukoo liache WhatsApp kama lilivyo, kwa matangazo ya misiba na harusi, kwa sababu habari ya msiba haifai kumpita mtu eti hakuwa na programu.